Nilipojifanya Oyabun Katika Gereji ya Firq

Ile Alkhamisi naiona mpaka leo, mwanangu, na juzi nimeiona tena niliposikia wewe na wenzako mnagawana vyeo vya mchezo wenu. Wewe bosi, mwingine naibu, na binamu yako mkamwambia yeye ni wa chini kabisa, asifungue mdomo mpaka aruhusiwe. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Hebu izime hiyo skrini kidogo. Sikukatazi kucheza, wallahi. Nina jambo la kukusimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Rafiki yangu mmoja aliniletea kutoka Dubai mchezo wa video wa majambazi wa Kijapani. Genge lenyewe la kubuni tu, lakini lilipangika kuliko wizara. Juu kabisa yuko oyabun, baba wa wote. Chini yake wakagashira, mkono wake wa kulia. Wanafuata ndugu wakubwa, kisha ndugu wadogo, na mwisho makobun, watoto wa genge, kazi yao kuinamisha vichwa. Neno la mdogo hupanda ngazi moja moja, na anayeruka ngazi huadhibiwa. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikuwa nimeugandia mchezo ule. Kilichonipendeza hasa ni kwamba oyabun hapazi sauti. Anakaa, anatazama, na watu wazima wanatetemeka.

Mwaka huo huo ami yangu Nasoro, Mungu amrehemu, alipasuliwa goti akaenda kupumzika kwa binti yake mjini Sur. Gereji yake ya mjini Firq akaniachia mimi. "Niangalizie watu wangu," ndilo neno aliloniusia. Miye nikaona nimetawazwa.

Basi nikaihamishia meza yangu nyuma ya kioo cha ofisi. Hilali, mtoto wa mama yangu mdogo, nikamfanya mkono wa kulia. Mafundi wanne nikawapanga ngazi kwa ngazi, na chini kabisa nikamweka Kabir, Mbangladeshi aliyekuwa pale tangu mimi nasoma shule ya msingi. Kosa lake? Aliniita kwa jina langu tupu, "Salumu", mbele ya wateja. Nikatangaza kwamba mwenye neno amwambie aliye juu yake, mpaka limfike Hilali, na Hilali ndiye ataniletea. Kabir alikuwa amejifunza Kiswahili kwa ami, hicho hicho cha gereji. Alinitazama, akasema, "Haya," akarudi chini ya gari.

Alkhamisi hiyo mwalimu mmoja, Bwana Suleimani, alileta gari abadilishiwe oili na pedi za breki za mbele. Alikuja na mama yake kiti cha nyuma, anampeleka harusini jabalini. Barabara ile unaijua. Kupanda ni kazi ya injini, kushuka ni kazi ya breki.

Hilali alikuwa amekwenda kula. Nikamwona Kabir mbele ya kioo changu, mikono imejaa grisi, anagonga.

"Salumu, ile gari isitoke. Mpira wa breki wa nyuma..."

"Wewe una njia yako," nikamkata. "Mngoje Hilali."

"Hilali hayupo. Mpira umepasuka, unavuja mafuta ya breki."

"Nimesema mngoje Hilali!"

Nikafunga mlango. Sikiliza vizuri, mwanangu: nilimsikia. Maneno yote niliyasikia. Lakini nilikuwa nashughulika na cheo changu kuliko na mpira wa breki. Kabir akakimbilia uani kwa wenzake kutafuta wa kunisemesha, na mwalimu aliporudi kuchukua gari nikampa ufunguo mwenyewe, tena kwa tabasamu.

Kabir alirudi akakuta gari haipo. Alichukua ufunguo wa pikapu ukutani, akaondoka mbio hata mlango hajaufunga sawasawa. Unajua nilifanya nini? Nilikaa nikaandika barua ya kumfukuza kazi. Kaiba pikapu, karuka ngazi. Nilikuwa natafuta pa kutia saini simu ilipolia.

Alikuwa Bwana Suleimani. "Fundi wako katukuta hapa chini ya jabali, magari yanaposimamishwa kukaguliwa. Kanipigia honi njia nzima, mimi nikadhani mwendawazimu. Salumu, nimekanyaga breki hapa, pedali imekwenda mpaka chini. Mama yangu yumo ndani. Tungekuwa tunashuka je?"

Barua niliichana.

Kabir aliporudi nilimfuata uani nikamwomba radhi. Akanawa mikono kwanza, taratibu. Kisha akasema, "Mimi sikwenda kwa ajili yako. Nilimwona bibi kiti cha nyuma."

Ami alirudi kutoka Sur siku ya pili, na fimbo yake. Hakunigombeza mbele ya watu. Alinikalisha ofisini, akaniuliza, "Alipokwambia, ulimsikia?"

"Nilimsikia, ami."

"Basi habari ulikuwa nayo. Ulichokosa ni adabu. Kesho vaa ovaroli. Bosi wako ni Kabir mpaka yeye aseme khalas, yaani basi."

Miezi minane, mwanangu. Nilijifunza kulala chini ya gari, na kumsikia mtu kabla hajamaliza kunyanyua kidole. Siku Kabir aliposema khalas, nilikuwa fundi. Leo mafundi kumi na saba wananiita bosi, na hakuna hata mmoja anayehitaji ruhusa kunambia gari isitoke. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko kibao cha mlangoni.

Kwa hiyo wasia wangu ni huu. Vyeo utavipata, mimi sina shaka nawe, una akili na watu wanakufuata. Siku ukiwa juu, mtu wa chini kabisa akigonga mlango, simama umfungulie wewe mwenyewe, hata kama kaja vibaya, hata kama kakuita jina lako tupu. Na ukiwa chini ukaona hatari, usingoje zamu yako ya kusema. Sema, na wakikufungia, kamata ufunguo uende.

Mungu akupe nafasi ya mbele na masikio ya kuistahiki, akuwekee karibu watu wasiokuogopa, na akulinde wewe na kila atakayekuwa mikononi mwako. Amin, mwanangu.