Kioo cha Rangi kwenye Barabara ya Salamabila

Juzi nilipita tena barabara ya Salamabila, nimekaa nyuma ya pikipiki, na pale palipokuwa na bariera, kile kizuizi cha wenye bunduki, sikuona hata kigingi. Majani tu. Dereva alishangaa nilipomwomba apunguze mwendo. Yeye sikumweleza. Wewe nitakueleza, maana najua utanisikiliza bila kunikata.

Utoto wangu Kasongo ulikuwa na harufu ya rangi ya kucha. Shangazi alisuka watu nywele na kuwapaka kucha karibu na soko, na chupa zake zilipokaribia kuisha alituachia mimi na yaya, kaka yangu mkubwa. Yaya alichonga vyombo vya angani, kama vile tulivyoviona kwenye nyumba ya video, ambako tuliruhusiwa kuingia kwa kuchota maji. Alichonga mti mwepesi wa porini, akabandika vifuniko vya mikebe na vipande vya redio mbovu. Kisha tulivichakaza kwa masizi ya sufuria, udongo mwekundu na mawese kidogo, tukisugua kwa gunzi hadi chombo kionekane kimezurura miaka mingi mbali na kwao.

Dirisha la rubani lilikuwa kazi yangu. Mwanzoni nilipaka buluu tupu, na yaya akanicheka: "Hii ni kioo ao ni ukuta ya hospitali?"

Shule nilikuwa nimeshaiacha, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kwenda uwanjani kutazama ndege ndogo ikitua. Nilimtafuta rubani kwenye kioo chake, sikumwona. Niliona mbingu juu, ardhi nyekundu chini, na sisi wenyewe katikati, tumepinda kama kwenye kijiko. Ndipo nikajua kwamba kioo hakina rangi yake; kinaonyesha kilicho mbele yake. Tangu hapo nilianza na weusi wa betri iliyosagwa, halafu mbingu, halafu mstari wa udongo, na mwisho mwanga mweupe mmoja, kwa ncha ya nywele za mbuzi. Juu ya yote nilipaka ile rangi ya kucha inayong'aa tu. Ikikauka, ungeapa kwamba unaona ndani.

Siku ile ya bariera tulikuwa tunatoka Salamabila kuuza vyombo vyetu. Mwenye nyumba ya video ya kule alinunua vyombo vidogo, akakataa kikubwa, eti kimezeeka. Yaya alikikumbatia kifuani njia nzima. Kwenye bariera, wenye bunduki walimpekua kila aliyetoka machimboni, wakitafuta dhahabu. Mkubwa wao alikichukua chombo, akaweka jicho dirishani. Akakigeuzia jua, akaweka jicho tena.

"Ndani munaficha nini?"

"Hakuna kitu, shefu. Ni muti tu," yaya alijibu. "Kioo ni rangi. Mudogo wangu ndiye anapakaka."

"Munaniona mujinga."

Akakipasua kwa panga. Ndani mlikuwa na mti mweupe, mzima, hata tundu la mdudu hapana. Mmoja wa vijana wake akacheka, kisha wengine wote. Laiti wasingecheka. Mkubwa alimkalisha yaya chini, akamvua viatu, akavuta kigoda na kulaza bunduki juu ya magoti, mtutu ukimtazama yaya. Upande wangu kilibaki kitako chake cha mbao.

"Paka hapa. Nikiona kioo, munaenda. Nikiona rangi, huyu analala hapa."

Dereva wa pikipiki iliyotubeba aligeuka akawa anatazama miti. Nilitoa chupa zangu mfukoni. Nilipaka weusi, nikapaka mbingu. Mstari wa udongo ulikubali. Ukabaki ule mwanga mweupe. Nikainua macho kuutafuta unakotoka, na pale barabarani hapakuwa na kitu cheupe isipokuwa shati la yaya. Nikaupaka pale ambapo lingeonekana kiooni. Tukangoja ukauke. Hakuna aliyecheka tena.

Yule mkubwa aliinama, akaleta jicho karibu.

"Hii nyeupe ni nini?"

"Ni shati ya yaya, shefu. Kioo inaonyesha mwenye iko mbele yake."

Alimtazama yaya, akatazama kitako, akamtazama yaya tena.

"Vaa viatu," akasema.

Vipande vya chombo tuliviacha pale pale. Yaya hakuchonga tena. Siku hizi anauza sabuni na chumvi Kabambare, na ukimtajia vyombo vya angani anakuuliza habari za mvua. Shangazi tulimzika. Nyumba ya video imekuwa ghala la mchele, na watoto wa Kasongo wanainamia simu. Mimi nimepita machimbo na masoko mengi, wala sijui natafuta nini.

Ila bunduki ile huwa naiwaza. Kazi yangu ilikuwa nzuri, haitoki kwa maji wala kwa jasho la mkono. Popote ilipo leo, na yeyote anayeishika, yaya bado amekaa mbele yake, na shati lake jeupe.