Mahindi Yaliyotwangwa kwa Wimbo wa Shule

Harufu ya pumba za mahindi yaliyonyunyiziwa maji kidogo kisha yakatwangwa hunisimamisha popote nilipo. Wiki jana ilinisimamisha katikati ya jiko la hoteli yangu mwenyewe, hapo Kyumbi. Ndiyo, yangu. Mimi niliyetoka Kivaa bila viatu nina diploma ya upishi, nimepikia wageni Doha miaka kumi na mmoja, na hoteli hiyo yenye vigae vyeupe nimeijenga bila msaada wa mjomba yeyote. Wanaonijua husema napenda kujisifu. Ni kweli, lakini leo wacha nimsifu mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka tisa. Shule yetu ilikuwa imeshinda mashindano ya nyimbo ya tarafa, na mimi ndiye niliyeuanzisha wimbo wenyewe, wa kupiga miguu chini kama askari. Niliuimba njiani, niliuimba chooni. Jumamosi moja mama akaniachia kinu. Kesho yake kwaya kutoka Kithyoko ingekuja kanisani kwetu, na akina mama walikuwa wamemwamini yeye kwa muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa mpaka ganda litoke na punje ibaki nzima, ndipo yapikwe na maharagwe.

"Mutheu, imba ule wa kanisani, polepole," aliniambia akijitwika mtungi kwenda mtoni. "Beti nne, kisha upepete. Huo wenu wa kurukaruka uache hukohuko shule."

"Ndiyo, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyowaita mama zetu.

Ubeti wa kwanza niliuimba vizuri. Halafu watoto wa jirani wakaingia uani.

"Ati wewe ndiye soloisti?" mmoja wao, Kioko, akanicheka. "Unaimba kama nyanya yangu akiwa na homa!"

Ningevumiliaje? Nikauanzisha wimbo wa shule. Mchi ukapanda na kushuka, watoto wakacheza, vumbi likatimka, nami nikajiona malkia wa tarafa nzima ya Masinga.

Mama akarudi. Alichota konzi moja kinuni, akaiacha ichuruzike kati ya vidole. Chenga tupu.

"Huu ni wimbo wa shule," akasema.

Na alikuwa mtoni, ambako hata kengele ya kanisa haisikiki!

Sikuchapwa. Kilichofuata kiliniuma zaidi. Alipanda kigoda, akaangua mahindi ya mbegu yaliyoning'inia kwenye moshi juu ya mafiga, mahindi ambayo hata baba hakuthubutu kuyagusa kabla ya mvua.

"Wageni hawali pole," akasema nilipomwambia pole.

Akatwanga mwenyewe, akiimba, mchi ukishuka pale tu sauti iliposhuka. Beti nne, basi. Punje zikatoka nyeupe na nzima kama meno ya mtoto. Watu wa Kithyoko walikula wakaomba tena. Sisi tulikunywa uji wa chenga juma zima, na msimu ule kipande cha shamba kando ya mkwaju kilibaki bila mahindi. Nilikipita kila asubuhi nikienda shule.

Sasa, hiyo wiki jana nilikuwa nimemleta mama aione mashine yangu mpya ya kukoboa. Siku tatu mfululizo ilikuwa ikinivunjia mahindi. Nilikuwa nimeshamlaumu fundi, umeme, hata aliyeniuzia mahindi. Mama, ambaye hakukanyaga darasa hata siku moja, alisimama mlangoni na mkongojo wake, akasikiliza.

"Mutheu, hii nayo inaimba wa shule."

Wafanyakazi wakacheka. Mimi nikapunguza mwendo wa mashine kidogo kidogo, yeye akiimba kwa sauti iliyokwaruzika, mpaka mashine na ubeti vikaenda pamoja. Punje zikaanza kutoka nzima.

Utotoni nilidhani mama huimba ili kazi isimchoshe, au kwa sababu ni mcha Mungu. Kumbe wimbo ndio uliokuwa saa yake na mizani yake, na alinikabidhi vyote nikiwa na miaka tisa, nikavipuuza kwa sababu ya Kioko.

Diploma yangu bado iko ukutani, kwenye fremu ya dhahabu. Lakini haigusi mtu ile mashine kabla hajaniimbia beti zote nne.