Jina la Dada Yangu, Ghorofa ya Tatu

Nilitoka nyumbani Alhamisi asubuhi kwenda Kisii kukataza jina. Mdogo wangu Nyaboke alifariki mwaka jana. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akishona nguo katika lile jengo kubwa la maduka katikati ya mji, kwenye kibanda kimoja na Akinyi, mwanamke kutoka upande wa ziwani. Wiki hiyo nilisikia kwamba binti wa Akinyi amejifungua msichana, na mtoto ameitwa Nyaboke.

Kwetu Gusii jina la marehemu hubaki katika ukoo. Mtoto akizaliwa baada ya msiba, wazee huketi na kuamua kama atapewa. Kwa hiyo nilijiambia ninakwenda kulinda kitu chetu.

Saa moja nilipita katikati ya mashamba ya chai hadi barabara ya lami. Wachumaji walikuwa wameshajifunga plastiki kiunoni kwa sababu ya umande. Jirani yangu mmoja aliniuliza niendako, nikasema mjini. Akaniuliza kama ni kwa yule mtoto. Kumbe kijiji chetu kizima, huko Nyamira, kilikuwa kinajua.

Ndani ya gari nilikaa mbele, karibu na dereva, nikifanya mazoezi ya maneno yangu kimoyomoyo. Hilo jina lirudishwe. Nilijaribu kulisema kwa ukali, kisha kwa upole, na upole haukunikaa.

Saa tatu nilikuwa Daraja Mbili. Ilikuwa siku ya soko, mikungu ya ndizi imelazwa hadi ukingoni mwa barabara. Mama mmoja wa mitumba aliniwekea mkononi kijisweta cheupe, akasema bale limefunguliwa asubuhi hiyo, nichukulie mjukuu. Nikamrudishia nikamwambia sina mtoto wa kumwona. Mtu wa kwetu haendi kumwona mtoto mchanga mikono mitupu. Mimi nilikwenda mikono mitupu kwa kusudi.

Saa nne nilifika kwenye jengo. Lazima niseme kwamba sikuwahi kuingia humo. Nyaboke alinialika mara nyingi na kila mara nilikuwa na chai ya kuchuma. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona mahali ambapo mdogo wangu alikuwa mkubwa kuliko mimi.

Nilidhani nitakuta vioo na watu wenye haraka. Nikakuta wazee wa Marani wameketi kwenye benchi mlangoni, kofia magotini, wakingoja watoto wao watoke kazini. Wanawake wa Ogembo walikuwa wameacha vikapu vyao kwa askari wa mlangoni wakaenda hospitali. Kando ya supamaketi kulikuwa na ubao wa matangazo: nyumba za kupanga, ng'ombe aliyepotea, mikutano ya mazishi. Mtu akifa, mchango wake huanzia pale. Nikakumbuka basi zima la watu nisiowajua lililokuja kumzika dada yangu, wakaimba kutushinda. Siku ile nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilitaka waondoke.

Askari alinikagua mkoba, akaniangalia usoni.

"Wewe ni wa Nyaboke," alisema. "Paji la uso ni lile lile. Lakini yeye alikuwa anacheka."

Nilipanda kwa lifti. Ghorofa ya tatu yote ni mafundi nguo, wasusi na watengeneza simu. Habari zilikuwa zimenitangulia, sijui kwa njia gani. Msusi mmoja, bado ameshika nywele za mteja, aliwaambia wenzake kwamba leo Akinyi atajua, mwenye jina amekuja kulichukua. Mwingine akajibu kwamba amechelewa, huyo mtoto ameshaanza kula samaki na jina la watu wa ndizi. Walicheka, na ndani ya kicheko kile niliona kwamba walimpenda dada yangu kwa namna ambayo sikuwa na sehemu yake.

Akinyi aliinuka kutoka kwenye cherehani. Ni mwanamke mnene, macho yake ni ya mtu asiyelala vizuri. Alinisalimu kwa Kigusii, "Bwakire buya," na sauti ilipanda mahali pale pale ilipokuwa ikipanda sauti ya Nyaboke. Nyaboke ndiye aliyemfundisha. Hilo liliniuma kuliko jina lenyewe.

Sikukubali chai. Nilisema yote niliyoyafanyia mazoezi. Nilisema hawakutuuliza. Nilisema yeye ni mwenzake wa kazi tu, mimi na Nyaboke tumenyonya titi moja. Vyerehani vya jirani vikanyamaza kimoja kimoja.

Akinyi hakukasirika. Alisema kwao pia jina la aliyekufa hupewa mtoto, na kwamba alinyamaza miezi yote tangu mazishi akitusubiri sisi kwanza. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Mama, huko kwenu hilo jina mmempa nani?"

Hapo ndipo ningeweza kusema uongo. Hakuna mtu pale ambaye angejua. Lakini nililelewa na mama asiyejua kusema uongo, na sikuweza.

Nikamwambia kwamba kaka yetu alipata msichana miezi mitatu baada ya mazishi. Mke wake alitaka jina la Nyaboke. Shangazi zetu wakasema Nyaboke hakuzaa, na jina la asiyezaa halipewi mtoto, atafuatwa na utasa ule ule. Mimi ndiye mkubwa. Nikaulizwa neno la mwisho.

"Nikasema tusiliguse," nilimwambia. "Mtoto akaitwa Kerubo."

Akinyi aligusa kiti kilichokuwa kando yake. "Nyaboke aliniambia mtalikataa," alisema. "Akiwa mgonjwa, hapa, kwa hiki kiti. Aliniambia, wewe usiniogope."

Binti yake alikuwa amemlaza mtoto ndani ya kikapu cha vitambaa, chini ya meza ya kukatia. Mtoto akaanza kulia. Msusi akaita, "Nyaboke, nini tena?" Fundi simu akaita kutoka upande wa pili, "Nyaboke, nyamaza, wageni wako hapa." Likaitwa jina lile kutoka mlango hadi mlango, bila hofu, kama mtu anayeombwa chumvi. Nyumbani kwetu tangu mazishi tunasema marehemu. Nilikuwa sijalisikia likiitwa hivyo karibu mwaka mzima.

Walinipa nimshike. Nilimshika. Sikuweza kusema lirudishwe, wala sikusema nimekubali. Nilikaa naye hadi akalala, nikamrudisha kikapuni nikaondoka.

Saa kumi jioni nilipita kwa mama yangu kabla ya kwenda kwangu. Nilimweleza yote. Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo: ulichokitupa kwa hofu huna haki ya kumwita aliyekiokota mwizi. Hilo nililiona wazi, na bado wivu haukuisha.

Mama ni mzee, na tangu tumzike Nyaboke hajatoka nje ya boma. Aliniuliza mtoto analiaje. Nikasema kwa sauti kubwa. Akaanza kutafuta kitambaa chake cha kichwa.

"Jumapili unipeleke nimwone," alisema.

Hata kwa ajili ya Kerubo, mjukuu wake, hakuwahi kutafuta kitambaa. Nikamwambia haiwezekani kwa magoti yake, ni ghorofa ya tatu na ngazi ni nyingi. Akakiweka kitambaa mezani, akakubali. Nilifika hadi langoni. Nikasimama pale kidogo, nikarudi ndani nikamwambia kuna lifti.