Babu Alikuwa Anaosha Vifaru

Mimi ni fundi wa bodi. Gereji yetu iko Mkolani, na kazi yangu ni kunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa na kuyapaka rangi. Mchana kazi ikipungua, mafundi wenzangu hukaa kivulini na simu zao, wanaangalia video za vifaru vya Vita Kuu ya Pili, halafu wanabishana kama watu waliokuwepo. Wimbo wao ni mmoja: kifaru kimoja cha Mjerumani kilitosha kupiga vitano vya adui.

Upuuzi huo hunikera na siwezi kunyamaza. Huwauliza, ninyi ni mafundi au mashabiki wa mpira? Kifaru kina gia na kinakunywa mafuta. Vingi havikupigwa na mtu. Viliharibika au viliishiwa mafuta njiani, wenyewe wakavitelekeza. Hata hesabu za waliopiga msizimeze nzima nzima. Kifaru kinapigwa, aliyekipiga anajihesabia kimoja. Baadaye wenyewe wanakivuta, wanaziba tundu, wanakipa watu wengine, kinarudi vitani. Kikipigwa tena, mwingine naye anajihesabia kimoja. Aliyebaki na uwanja ndiye aliyeokota mizoga na kuitengeneza. Aliyekimbia aliacha hata vile vilivyohitaji boliti mbili tu.

Mengine nimeyasoma, mengine yanatoka kwa babu yangu mzaa baba. Waingereza walimchukua akiwa kijana, wakampeleka Misri. Kijijini kwetu, ng'ambo ya kivuko cha Busisi, watu walisema alipiga vifaru vya Wajerumani. Sisi wajukuu tukimuuliza alipiga vingapi, alijibu vilevile kila mara, bila kucheka: "Mimi nilikuwa naviosha. Naviosha, navipaka rangi." Tulidhani anatutania. Kifaru kioshwe kiende harusini?

Binti yake mkubwa, shangazi yangu, aliachika mapema, akaja mjini, akauza dagaa mpaka akajenga nyumba Buhongwa. Wakati ule mwanamke kujijengea nyumba ilikuwa habari. Ilipokwisha, alimwita baba yake aje awe mgeni wa kwanza kulala humo. Mimi ndiye niliyemsindikiza babu kutoka kijijini. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe asubuhi hiyohiyo, kitanda kipya, shuka mpya. Babu aliweka mguu mmoja ndani, akavuta pumzi, akarudi nyuma. Alilala kwenye banda la mbuzi, na kulipokucha akaenda zake kwenye kivuko bila kunywa chai.

Majirani walisema mzee amekataa kulala kwenye nyumba ya mwanamke aliyeachika, na Shangazi akaamini. Babu alipofariki alikuja kuzika, akakaa mbali na wenzake, na tangu hapo hakukanyaga tena kaburini. Tukimwalika alisingizia foleni ya kivuko. Tukimbana alisema hawezi kwenda kumlilia mtu aliyemkataa mbele za watu.

Mwaka huu ukoo ulikubaliana kulijengea kaburi la babu. Daraja la Busisi limeshafunguliwa, kwa hiyo kivuko si kisingizio tena, lakini Shangazi alisema haji. Ndiye mtoto pekee wa babu aliyebaki hai. Kujenga bila yeye ingekuwa kama tunamjengea mtu asiyezaa, na jambo hilo liliniuma sana.

Siku hizohizo gereji ililetewa gari lililopata ajali kwenye barabara ya Shinyanga. Mtu alikuwa amefia ndani. Mwenye gari alitaka tulinyooshe aliuze. Tuliliosha kwa sabuni na dawa, tukalianika milango wazi, lakini jua likilipata, harufu inarudi. Mwishowe akasema tupake rangi mpaka ndani. Nikaingia kupaka mimi. Nikiwa nimeinama humo, pua imejaa rangi mbichi na ile harufu nyingine ikiwa chini yake, nikamkumbuka babu: naviosha, navipaka rangi. Nilitoka nikakaa chini.

Video zinapenda kuonyesha kwamba kifaru kikipigwa wote wameungua. Mara nyingi waliokuwemo walitoka, hata kama si wote. Lakini yule asiyetoka, lazima mtu aingie amtoe, aoshe pale alipokuwa ameketi, apake rangi upya, ili vijana wanaofuata wasijue wanakalia nini. Kumbe mtu huyo alikuwa babu yangu.

Jumapili nilikwenda Buhongwa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kama umetumwa na wale wa kaburi, chai ipo. Maneno sina."

Nilimweleza yote, kuanzia vifaru hadi lile gari. Nilipomaliza aliuliza, "Hivyo vifaru, ndani vilikuwa vinapakwa rangi gani?"

"Nyeupe, Shangazi. Ili kuwe na mwanga."

Aligeuka akautazama mlango wa kile chumba. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Masikini baba yangu," alisema. "Na mimi nikamtandikia kitanda humohumo."

Jumamosi tulivuka daraja pamoja, yeye kiti cha mbele, amevaa kitenge kipya. Tulifika kaburini. Fundi mwashi alikuwa ameshamaliza kulipiga plasta, amefungua kopo la rangi nyeupe, na alikuwa anaikoroga kwa kijiti. Shangazi alishuka kwenye gari kabla sijazima injini, akaenda moja kwa moja mpaka kwa fundi na kumshika mkono.

"Funika hilo kopo," alimwambia. "Baba yangu hawezi kulala penye rangi mbichi."