Kumpeleka Babu Wekesa Bumula Akiwa Kioo

Niliondoka Kitale Ijumaa asubuhi kwa sababu hakuna mwingine katika ukoo wetu aliyekubali kusafiri na dirisha.

Lilikuwa dirisha la vioo vya rangi la kanisa letu kule Bumula, la kumkumbuka Babu Wekesa, kakake nyanya yangu. Alichukuliwa kijana kwenda vita vya Bama, yaani Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia, asirudi. Mwili haukuletwa, ilikuja habari tu. Nyanya yangu, ambaye sote tunamwita Kukhu, alikuwa amepita miaka themanini na mtoto wa jicho alikuwa akimfunga macho polepole. Alitaka amwone kakake kabla giza halijaingia kabisa. Hatukuwa na muda wa kupoteza.

Saa mbili, Kitale. Fundi Njoroge, aliyelitengeneza dirisha, ndiye pia alikuwa mwenye pikapu. Alilifunga kwa blanketi, akalizungushia shuka nyeupe, akalibana katikati ya magodoro mawili.

"Kioo hailazwi chali, mwalimu," aliniambia. "Itasimama na ubavu mpaka Bumula."

Likasimama kwa ubavu, refu kama mtu, jeupe pe. Tulipopita Kiminini niliona wanaume wakivua kofia. Nilidhani ni heshima kwa walimu.

Saa nne, Misikhu. Tulisimama kukaza kamba. Mama mmoja aliyeuza nyanya aliitazama ile shuka, akaweka mikono kichwani.

"Woi! Nani huyo ametuacha?"

"Si mtu, mama, ni dirisha," nikasema. "Ni la babu yangu. Alifia Bama, zamani sana."

"Bama! Na ndiyo mnamrudisha leo? Pole sana, bana!"

Kabla sijaeleza zaidi alikuwa ameanza kulia, na soko zima likampokea. Mzee mmoja aliomba. Akina mama wakaimba. Mimi, niliyekuja kukaza kamba, nilijikuta nikifuta machozi, maana Babu Wekesa hakuwahi kuliliwa na mtu barabarani. Tuliondoka na mkungu wa ndizi za matanga.

Saa tano unusu, Matulo. Kulikuwa na kizuizi cha polisi.

"Mmebeba nini?" afisa akauliza.

"Askari," Njoroge akajibu.

"Amekufa?"

"Kitambo. Lakini usijali, nimemjaza risasi kila pahali, hawezi kuachana."

Afisa alirudi nyuma hatua tatu. "Shukeni! Mikono juu!"

Nilishuka mikono ikiwa juu, nikaeleza kwa sauti ya darasani kwamba risasi hii ni madini tu, yale yanayoshikilia vioo pamoja. Walitufungulisha kila kitu. Jua lilipopiga kioo, kijani cha sare ya Babu kilimwagika hadi kwenye viatu vyao. Afisa akampigia saluti.

"Kofia yake imekaa vibaya," alisema. "Pitisheni mzee."

Saa nane, Bumula. Mjomba Barasa, mtoto wa kwanza wa Kukhu na mwenyekiti wa kamati ya dirisha, alitupokea kwa suti. Ndiye aliyemweleza fundi jinsi ya kumchora Wekesa. Tulilisimamisha dirisha kwenye ukuta wa kanisa, Kukhu akaletwa. Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Huyu ni nani?"

"Ni Wekesa, mama," Barasa akasema.

"Na hii ameshika?"

"Bunduki."

"Bunduki ya nini? Wekesa arikuwa mpishi."

Sote tulimgeukia mwenyekiti. Kwa miaka mingi, kwenye kila harusi na kila mazishi, Mjomba Barasa alikuwa akitusimulia jinsi Wekesa alivyowamaliza maadui.

"Lakini mama, si aliua..."

"Hata kuku arikuwa anaomba mtu mwingine amchinjie! Ariniandikia barua moja tu. Ati maharagwe yake inapendwa na jeshi mzima. Kama mnataka wa bunduki, tafuteni babu mwingine. Wekesa mumpe mwiko wake wa kupikia."

"Mwiko kanisani? Watu watacheka!"

"Wacheke. Yeye arikuwa anapenda watu wakicheka."

Barasa alinitazama, nami nikamtazama fundi. Njoroge alikuwa ameinamisha kichwa hadi karibu na magoti, akiitazama ile bunduki kutoka chini.

"Si tuigeuze tu?" akasema. "Kitako kikienda juu, ni mwiko kabisa."

Alifanya kazi hiyo kwenye kibaraza cha kanisa hadi jioni ya Jumamosi. Alifungua risasi, akageuza vipande vya kahawia, akavifunga tena.

Jumapili dirisha lilikuwa ukutani. Kukhu alisimama mbele yake wakati wa ibada, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. "Sasa ni yeye," akasema, kisha akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekiweka tangu usichana wake. Mchungaji alisubiri. Kukhu alipomaliza alijifuta kwa kitambaa cha kichwa, akamgeukia Barasa. "Huo mwiko ameshika vibaya. Lakini asante."

Barasa alicheka wa kwanza.

Jumatatu tukarudi. Tulipofika Kiminini, Njoroge alinigeukia.

"Mwalimu, babangu pia alienda Bama. Ako hapa tu Kitale. Mimi huambia watu alikuwa anaendesha vifaru."

"Na alikuwa anaendesha?"

"Sijawahi kumuuliza."

Nimefundisha historia miaka kumi na miwili, na ilinibidi nisafiri na dirisha ndipo nijue kwamba nusu ya ninayoyasimulia kuhusu watu wangu sikumuuliza yeyote. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia Njoroge hivyo, lakini alishapita lango langu bila kupunguza mwendo. Alipita na karakana yake pia. Akaingia kwenye boma ambamo mzee mmoja alikuwa akinoa panga, akazima gari, akashuka, akavuta kiti karibu na babake.