Nguzo Iliyopanda Ng'ambo

Kompyuta yangu ilikuwa imekokotoa kwamba nguzo ya msingi ikibebeshwa mzigo itazama kidogo. Pale mtaa wa Ng'ambo tuliipakia matofali ya zege, na kipimo kilichofungwa kwenye boriti ya pembeni kikaonyesha inapanda. Fundi Mwajuma akikisoma yeye, nguzo imetulia. Nikikaa kukisoma mimi, inapanda, kana kwamba kitu kilicho chini kimenijua.

Majirani walisema pale walizikwa wapagazi wa misafara. Mimi, mwenye shahada mbili, nikasimamisha kazi na kumwita shehe asome dua.

Katikati ya dua nikakaa kukitazama kipimo, na mshale wake ukasogea tena.

“Injinia,” Mwajuma akasema taratibu, “hebu inuka kwenye hiyo boriti.”

Nikainuka. Boriti iliyokuwa imebonyea kwa uzito wangu ikanyooka, na mshale ukarudi mahali pake.

Shehe akaniuliza kwa upole kama aendelee.