Sweta la Yai

Wifi yangu nilimbandika jina la King'ora, na jina likamganda mpaka wateja wakawa wanachungulia mlangoni na kuuliza, "King'ora yupo?" Hakukasirika. Alisema bora king'ora kilie bure kuliko nyumba iungue watu wamelala. Ana majibu yake yule, usimwone mpole.

Ni mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa lori, nyumbani kwake anapita kama mgeni, kwa hiyo mimi na wifi ndio tulioshinda pamoja kutwa nzima kwenye chumba kimoja cha ushonaji. Yeye na cherehani lake dirishani, anashona sare za shule. Mimi na langu karibu na mlango, nashona mapazia na mashuka. Katikati kuna meza ya kukatia, pasi, na lile kopo la vifungo ambalo binti zetu walilichezea tangu hawajaota meno.

Binti yake tulimwita Yai, kwa jinsi alivyobebwa. Wangu tulimwita Kiguu, na hilo halihitaji maelezo: kiguu na njia tangu siku aliyojua kusimama. Walizaliwa mwaka mmoja, wanasoma darasa moja, kimo chao kimoja. Wakivaa sare na kukupa mgongo, hata mimi niliyemzaa mmoja wao nilikuwa nakosea kuita.

Watu hupenda kuuliza hofu ya King'ora ilianzia wapi. Alifiwa? Alipata ajali? Hakuna kitu. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu nyoka hata hakuwahi kumwona, lakini unyasi wote wa dunia aliukimbia. Yai akikawia kidogo kutoka shule, cherehani la dirishani linanyamaza, shingo iko nje. Yai akikohoa mara mbili, tumeshafika kwa daktari. Mimi nilikuwa nacheka. Nimelea watoto watatu, na Kiguu ndiye kitinda mimba wangu. Nilikuwa nimeona magoti yamechubuka na kupona, meno yameng'oka na kuota mengine. Nilidhani nimeshaimaliza shule ya uzazi.

Basi shule ikatangaza safari ya kwenda kuona mapango. King'ora alipozisikia habari hizo aliacha kukata kitambaa, mkasi umefunguka vilevile mkononi.

"Mapango! Kwani milima imekwisha juu mpaka watoto wakaangalie ya chini? Kuna giza huko, kuna maji, mawe yanateleza. Na hilo basi, breki zake nani amezikagua? Walimu wawili, watoto basi zima. Wifi, ukimwaga lile kopo la vifungo, unaweza kuvikusanya vyote?"

"Watoto si vifungo, wifi. Wana akili, wana miguu."

"Hiyo miguu ndiyo naiogopa."

Akakataa katakata. Yai akasusa chakula, akawa anashinda ameinamisha kichwa kama aliyefiwa. Hapo ndipo Kiguu alipoingia kati. Alimfuata King'ora dirishani, akamning'inia begani.

"Anti, mwache twende. Mimi nitamshika mkono. Sitamwachia."

"Wewe? Wewe mwenyewe nani anakushika?"

"Yeye."

King'ora akacheka bila kupenda. Akakubali, lakini kwa sharti lake, na sharti lenyewe ndilo nililolicheka mpaka nikaangusha bobini ya uzi ikaviringika chini ya kabati. Alichukua sindano na uzi mwekundu, akaanza kushona namba yake ya simu ndani ya kila kitu ambacho Yai angevaa. Ndani ya kola ya blauzi. Kwenye pindo la sketi. Chini ya kosi la sweta la kijani. Soksi je? Soksi pia!

"Wifi, unampeleka safari au unamtuma kwa posta?"

"Kinga ni bora kuliko tiba. Lete na nguo za Kiguu, nikiwa bado nimeketi."

"Kiguu ana mdomo. Akipotea ataongea mpaka waliomwokota wamrudishe wenyewe."

Asubuhi ya safari alimkagua Yai kuanzia kola hadi soksi, kisha akamgeukia wangu. "Huyu mbona hana sweta? Huko chini kuna baridi."

"Joto lote hili? Mwanangu si mgonjwa," nikasema. Sweta la Kiguu lilibaki kwenye msumari wake ukutani. Mabinti wakaondoka wameshikana mikono, wangu akirukaruka, wake akigeuka nyuma kupunga mkono. King'ora alisimama mlangoni mpaka nikamwambia afunge, vumbi linaingia kwenye vitambaa vyangu vyeupe.

Siku hiyo hakushona kitu cha maana. Alitia mkono wa shati mahali pa kola, akafumua, akatia tena. Kila gari lililopiga honi, mguu wake uliruka kwenye pedali. Mimi nilimtania. Nilimwambia mapango yale yapo tangu enzi za mababu, hayajamla mtu, hayataanza leo na Yai.

Mchana simu yake ikalia.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. Kisha akasikiliza. Nilikuwa naendelea kukunja shuka, nikingoja aanze kupiga mayowe, maana hata akipigiwa na watu waliokosea namba hupiga mayowe. Hakupiga. Alisema "ndiyo" tena, na tena, akaiweka simu mezani polepole. Alikuwa amepauka midomo.

"Yai ameanguka kwenye mawe," akasema. "Kapasuka kichwa. Hajitambui."

"Nani kasema?"

"Nesi. Yuko hospitali kuu. Kaletwa na mlinzi wa mapango, hamjui jina. Nesi kaiona namba kwenye sweta."

Moyo ulinipasuka, nisiseme uongo. Yai ni mtoto wa kaka yangu, damu yangu. Nikapiga simu ya mwalimu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mtandao hauingii huko, nikamwambia wifi, usiogope. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, sindano yenye uzi mwekundu imechomekwa kifuani kwenye gauni kama tunavyochomeka mafundi wote, ananitazama kana kwamba mimi ndiye ningemwambia aanze na mguu upi. Nikamshika mkono, nikamtoa nje, tukaita teksi. Mlango wa duka hatukuufunga.

Njia nzima alinyamaza. Na mimi hapo ndipo nilipoogopa kweli. Miaka yote kile king'ora kililia kwa kikohozi, kwa mvua, kwa mbwa wa jirani, leo hatari imekuja yenyewe na hakuna sauti. Nikaongea mimi, nikaongea kama mwehu. Watoto mifupa yao laini, nikasema. Kichwa hutoka damu nyingi hata kwa jeraha dogo. Wa kwangu wa kwanza alianguka ngazini, leo si huyu ana ndevu? Dereva akaunga mkono, naye akatoa wa kwake aliyeanguka kutoka juu ya paa. Hakuna neno lililomfikia.

Na nitasema na hili, kwa sababu kila mzazi analijua. Katikati ya kumbembeleza, kuna sehemu ndani yangu ilikuwa imekaa kimya, inapumua vizuri. Wangu yuko salama. Yuko huko na wenzake, pengine analia kwa ajili ya Yai. Nilipanga hata maneno ya kumtuliza jioni.

Hospitalini tukaambiwa anaingia mmoja, mama mzazi. Nikamsukuma wifi mbele, taratibu, kama mtu anayemwingiza bibi harusi. "Nenda. Mimi nipo hapa hapa." Pazia la kijivu likafunguka, likafungwa. Nikabaki kwenye benchi, nikalitazama lile pazia. Mshono wake wa chini ulikuwa umefumuka. Nikawaza ningeomba nilishone.

Alitoka upesi kuliko nilivyotarajia. Uso wake sikuwahi kuuona vile. Ulikuwa umefunguka, umepata damu tena, machozi yanatiririka, na papo hapo, kabla hajanifikia, ukajifunga.

Nikasimama. "Vipi? Kaamka?"

"Si Yai," akasema.

"Si Yai?" Nikapiga makofi, wagonjwa wakageuka. "Mungu mkubwa! Mungu mkubwa, wifi! Si nilikwambia? Nilikwambia!" Nikamkumbatia, nikamtikisa, nikacheka. "Sasa huyo maskini ni mtoto wa nani, kavaa sweta la Yai?"

Hakucheka na mimi. Alikuwa amenishika mabega yote mawili, kanishika kwa nguvu, vidole vinaniumiza.

"Wifi," akasema. "Kaa kwanza. Nakuomba, kaa."

Wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Miguu yangu ilielewa kabla ya kichwa. Sikukaa, nilidondoka, na yeye akadondoka nami sakafuni, hakuniachia. Sauti niliyoisikia kwenye ukumbi ule niliishangaa, nikadhani ni ya mama mwingine huko wodini. Ilikuwa yangu. Ile sehemu iliyokuwa inapumua vizuri iliacha kupumua kabisa.

Yeye ndiye aliyewaambia manesi mama ni huyu. Yeye ndiye aliyeninyanyua. Kiguu alikuwa amelala, kichwa kimefungwa bendeji, uso umevimba upande mmoja, miguu ile isiyotulia imenyooka sambamba chini ya shuka. Hakuna kilichonitisha kama ile miguu. Nikaishika, nikaisugua, nikamwambia acheze. Daktari akasema tungoje. Nikamuuliza tungoje nini, akasema tungoje tu.

Tukangoja. Sijui ni muda gani. Kila alipovuta pumzi nilihesabu nimeipata hiyo moja, nikaanza kuiogopea inayofuata. Sweta la kijani lilikuwa kwenye kiti, kosi limegeuzwa nje, ile namba nyekundu inaonekana kati ya madoa mekundu mengine. Kama si ule uzi, mwanangu angelala hapo hana jina, na mimi ningekuwa dukani nakunja mashuka na kumtania mtu.

Baadaye mwalimu akafika na Yai. Mtoto alikuwa anatetemeka, blauzi tupu. Alisimama mbali na kitanda.

"Alisikia baridi, shangazi," akaniambia. "Nikampa langu. Nilimshika mkono, lakini jiwe liliteleza, nikamwachia. Nisamehe." Nikamvuta kwangu, nikamwambia hana kosa, na nilimaanisha. Hapo ndipo King'ora alipolia. Alimbeba Yai, binti mkubwa vile, akakaa naye mapajani na kulia kwa sauti yake yote, na manesi hawakumnyamazisha.

Jua lilikuwa linashuka dirishani vidole vya mguu vilipocheza mkononi mwangu. Kwanza nikadhani ni mkono wangu unaotetemeka. Kisha vikacheza tena. Kiguu akafungua jicho moja, lile lisilovimba, akalizungusha chumba kizima mpaka likanipata.

"Mama," akasema, sauti imekauka. "Tumeshafika?"

Daktari akaja, akammulika, akamuuliza jina, akalijua. Akasema atabaki kwa uangalizi, lakini uso wake ulikuwa umelegea, na mimi nilikuwa nasoma uso, maneno yalikuwa hayaniingii. Kila mtu akashusha pumzi. Mimi nikashindwa. Hatari imepita, wananiambia, lakini macho yangu hayawezi kuondoka kwenye kile kifua kinachopanda na kushuka. Muuguzi akipita na toroli nashtuka. Mlango ukigongwa nashtuka.

"Wifi," nikamuuliza, "hivi wewe ndivyo unavyoishi? Kila siku?"

"Kila siku."

"Unawezaje?"

"Nashona," akasema.

Sketi ya shule ya Kiguu ilikuwa imekunjwa chini ya kitanda, ina tope. Niliichukua, nikaigeuza pindo nje. King'ora akaelewa bila kuambiwa. Akachomoa sindano kifuani kwake na kunipa. Uzi ulikuwa umetoka kwenye tundu, na mimi kila nilipojaribu kuutunga ulikwepa. Akanipokonya, akaulowesha mdomoni, akautunga yeye, akapiga fundo na kunirudishia.

Nikainama karibu na mguu wa mwanangu, nikaanza na sifuri.